Vita vinapomfuata askari hadi nyumbani

Ukisafiri kutoka mjini Machakos kwenda Kitui utapita Masii, kisha Wamunyu, katika eneo la Mwala. Wamunyu ni maarufu kwa vinyago vya mbao, na sanaa hiyo ililetwa na mtu aliyetoka vitani. Mutisya Munge, mzaliwa wa huko, alikwenda Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akaona jinsi Wazaramo walivyochonga, na aliporejea akaanza kuchonga mwenyewe. Wengi waliotoka katika vita hivyo, na katika vingine vilivyofuata, hawakubahatika kurudi na ufundi. Walirudi na shida isiyoonekana kwa macho, ambayo familia zao zimeishi nayo miaka nenda miaka rudi bila kujua inaitwaje.

Shida hiyo ndiyo tutakayoizungumzia wiki hii. Madaktari huiita maradhi ya kiwewe, yaani ugonjwa unaoweza kumpata mtu baada ya kuponea chupuchupu, au kushuhudia wenzake wakiuawa, au kushiriki katika jambo la kutisha kupita kiasi. Humpata yeyote: aliyebakwa, aliyenusurika ajali ya matatu, aliyechomewa nyumba wakati wa ghasia. Lakini leo nitawashughulikia wanajeshi na wastaafu wa jeshi, kwa kuwa Ukambani umetoa askari kwa zaidi ya miaka mia moja. Wakamba walikuwa wengi katika King's African Rifles. Mwaka wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana kule Burma, ikapita bonde la Kabaw kwenye mvua na matope hadi mji wa Kalewa. Mwaka huo huo, tarehe 12 Februari, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ilizamishwa na Wajapani katika Bahari Hindi, na karibu watu 1,300 wakafa, wakiwemo mamia ya wanajeshi wa Afrika Mashariki. Vizazi vilivyofuata vilitumwa Yugoslavia na Sierra Leone kulinda amani, na tangu Oktoba 2011 vikaingia Somalia. Majina ya El Adde (tarehe 15 Januari 2016) na Kulbiyow (tarehe 27 Januari 2017) hayahitaji maelezo katika nyumba nyingi za Kenya.

Anavyofika kwa daktari

Mgonjwa wa aina hii haji akisema ana kiwewe. Nitatoa mfano ambao si wa mtu mmoja. Nimeuunganisha kutokana na wengi ili asitambulike yeyote. Ni mwanamume wa miaka arubaini na kitu, amestaafu akiwa sajini, ana shamba na duka dogo sokoni. Kilichomleta ni vidonda vya tumbo na kichwa kinachomgonga kila jioni. Amepimwa malaria na homa ya matumbo mara kadhaa, akameza dawa, asipate nafuu. Amechagua benchi ambako mgongo wake unaelekea ukuta na macho yake yanaona mlango. Mtu akiangusha sufuria nje, yeye huwa amekwisha kusimama kabla hajajua kwamba amesimama. Ukimwuliza usingizi wake ukoje, atasema, "Ni sawa tu, daktari." Mkewe aliyeketi kando anatazama sakafu.

Mwombe mama huyo naye azungumze. Ndipo utakapoambiwa kwamba hawajalala kitanda kimoja kwa miaka miwili, kwa kuwa usiku mmoja bwana alimkaba koo akiwa usingizini, na alipozinduka akalia kama mtoto. Utaambiwa hataki kwenda mazishini, hata ya jamaa wa karibu. Akisikia nyama inaungua jikoni, hutoka na kwenda kukaa shambani peke yake hadi giza liingie. Zamani alikuwa mcheshi. Siku hizi watoto wakisikia hatua zake hunyamaza.

Nimeanza na mgonjwa kabla ya vitabu kwa sababu maradhi haya hugunduliwa nyumbani mapema zaidi kuliko hospitalini, na aghalabu mwenye kuyagundua ni mke.

Kumbukumbu isiyo na tarehe

Ili kuelewa kinachotendeka, hebu tuuchukue ubongo kama ofisi ya serikali. Kuna mlinzi wa lango, sehemu ndogo yenye umbo la lozi iitwayo amigdala, ambayo kazi yake ni kupiga king'ora hatari ikitokea. Kuna karani wa masjala, hipokampasi, anayeandika kila jambo lilitokea lini na wapi, kisha akaliweka kwenye faili lake. Halafu kuna mkubwa wa ofisi, sehemu ya mbele ya ubongo nyuma ya paji la uso, anayetazama mambo kwa utulivu na kumwambia mlinzi, "Nyamaza, huyo ni paka tu."

Siku ya kawaida watatu hawa huelewana. Siku ya shambulizi, mwili hufurika adrenalini. Mlinzi hushika usukani, na karani huzidiwa na kazi. Mambo huingia masjala ovyo ovyo: harufu ya dizeli, rangi ya vumbi, kelele ya mtu aitwaye kwa jina, mng'aro wa jua juu ya bati. Yote yamehifadhiwa, tena kwa wino mzito, ila hayakupigwa mhuri wa tarehe. Kwa hiyo miezi au miaka baadaye, harufu ile ile ya dizeli ikipita sokoni Mwala, mlinzi hufungua faili hilo na kulisoma kana kwamba ni habari ya leo. Moyo unadunda, jasho linatoka, misuli inakaza. Mkubwa wa ofisi hawahi kusema neno.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Hudhani mgonjwa ana shida ya kukumbuka mno, na humshauri asahau. Mimi na wewe tunapokumbuka jambo baya huumia, lakini tunajua limepita. Huyu halikumbuki kwa namna hiyo. Mwili wake unaliishi upya. Kumwambia asahau ni kama kumwambia mtu aliyesimama katikati ya barabara asilione lori.

Dalili zote hutoka kwenye chanzo hicho. Kwanza tukio humrudia, kwa jinamizi usiku au kwa picha zinazomjia mchana bila kuitwa. Kisha, kwa kuwa kurudiwa huko kunauma, huanza kukwepa: hapiti njia fulani, hazungumzi na wenzake wa kikosi, hasikilizi habari za redioni. Tena mlinzi wake hapumziki, ndiyo maana hushtuka kwa jambo dogo, hukasirika haraka, halali, na hukagua milango mara tatu. Hatimaye hisia zenyewe hufifia. Haoni raha, hajihisi karibu na mtu, na mara nyingi hujilaumu: kwa nini nilipona mimi na rafiki yangu akafa? Lawama hii ya kupona ndiyo nzito kuliko zote, nami nimeona ikiwamaliza watu ambao jinamizi halikuwaweza.

Dalili kama hizi wiki ya kwanza au ya pili baada ya shambulizi ni jambo la kawaida kabisa, na wengi hutulia wenyewe. Daktari huanza kuzungumzia ugonjwa iwapo dalili zimeendelea kwa zaidi ya mwezi mmoja na kumvurugia mtu kazi au nyumba.

Mbona yaje baadaye?

Swali hili huulizwa sana na wazazi: kijana alirudi mzima, akaoa, akajenga, sasa imekuwaje baada ya miaka mitano? Wengine hudhani anajisingizia ili apate pesa.

Kambini askari huwa na ratiba, wenzake, bunduki na amri. Kuwa macho usiku kucha huko ni sifa njema. Hasira inayowaka haraka huko ina kazi yake. Akistaafu, vitu hivyo vyote huondolewa kwa siku moja, naye hubaki shambani na ukimya. Akili iliyokuwa imejishughulisha haina tena pa kujificha. Kuna pia wale ambao dalili zilikuwapo siku zote, ila walizificha kwa hofu ya kuachishwa kazi kwa sababu za kiafya. Hata wazee waliopigana katika Vita Vikuu vya Pili, huko Ulaya na Marekani, baadhi yao walianza kuota ndoto za vita upya walipostaafu kazi za uraiani, miaka arubaini au zaidi baadaye.

Si kila askari hupatwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 70 ya watu duniani hupitia tukio la kutisha maishani, lakini wanaopata maradhi haya ni asilimia 3.9 tu ya watu wote. Miongoni mwa waliokumbwa na vita au ghasia kiwango hupanda hadi asilimia 15.3. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani na kutolewa mwaka wa 1988 uligundua kwamba wanaume 15 hivi katika kila 100 waliopigana Vietnam walikuwa bado wagonjwa, zaidi ya miaka kumi baada ya kurudi. Anayeponyoka si lazima awe shujaa zaidi. Mengi hutegemea alichokiona, mara ngapi, kama aliwahi kuumizwa utotoni, na zaidi ya yote jinsi alivyopokewa aliporudi.

Mambo yaliyosemwa kimakosa

Mwaka wa 1915 daktari Mwingereza Charles Myers aliandika kuhusu askari waliotetemeka, kupofuka au kukosa sauti ingawa hawakuwa na jeraha, na wakati huo wengi walidhani mshindo wa mabomu ndio ulioharibu ubongo wao. Majeshi mengine yaliwaita waoga. Ilifika mwaka wa 1980 ndipo madaktari wa Marekani wakayaandika maradhi haya rasmi katika kitabu chao cha magonjwa ya akili, kwa sehemu kubwa kutokana na kelele za wapiganaji wa Vietnam wenyewe.

Kwetu Kenya kosa lilikuwa la namna nyingine. J. C. Carothers, daktari aliyesimamia hospitali ya Mathari hadi mwaka wa 1950, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 1953, akaulinganisha ubongo wa Mwafrika wa kawaida na wa Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mtu akiamini hivyo, atamwonaje askari wa Burma aliyerudi akiwa hazungumzi? Imani hiyo ilikuwa upuuzi, na ilikanushwa vizuri kabisa na Wakenya wenyewe. Baada ya bomu la tarehe 7 Agosti 1998 katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, Dkt Frank Njenga na wenzake waliwachunguza watu 2,883 katika miezi mitatu ya kwanza. Asilimia 35 walikuwa na dalili zinazokaribiana na za maradhi ya kiwewe, zile zile zilizoandikwa kuhusu Wamarekani.

Nyumbani nako kuna maelezo yetu. Watasema ni uoi, kwamba jirani ameonea wivu malipo ya Somalia. Au watasema aimu wa waliouawa wanamdai. Siwezi kumkataza mtu kwenda kwa mganga, na kusema kweli tambiko linalomkusanya ukoo kumpokea mtu wao lina faida yake. Wakamba wa kale walikuwa na ng'ondu ya kutakasia, na nadhani walifahamu kitu ambacho majeshi ya kisasa yalichelewa kukifahamu. Ninachokataa ni mganga anayemtafutia mgonjwa adui kijijini. Huyo anampa mtu ambaye tayari anaona hatari kila kona sababu ya kumwogopa hata jirani.

Tiba za kujipa

Wengi hujitibu kwa pombe. Huleta usingizi kweli, kwa saa tatu au nne, kisha usingizi huvunjika na ndoto hurudi zikiwa kali zaidi karibu na alfajiri. Mgonjwa huongeza kipimo. Baada ya mwaka huwa na magonjwa mawili badala ya moja. Muguka na miraa nazo ni kumwongezea kazi mlinzi ambaye tayari hasinzii. Kuhusu vidonge vya diazepamu, ambavyo watu wengi huvijua kwa jina la Valium na huuziwa bila karatasi ya daktari, miongozo ya tiba haivipendekezi kwa maradhi haya: haviondoi kiwewe, na kuviacha ni shida.

Tiba ya kweli

Tiba yenye nguvu zaidi ni mazungumzo, lakini si mazungumzo ovyo. Lengo ni kumsaidia karani alipige faili mhuri wa tarehe. Kwa mafunzo maalumu mtaalamu humwongoza mgonjwa asimulie tukio polepole, tangu mwanzo hadi mwisho, alichoona, alichosikia, alichofikiri, huku akikumbushwa kwamba yuko chumbani Machakos na ni mwaka huu. Hurudia hivyo wiki baada ya wiki, kwa kawaida mara nane hadi kumi na sita, hadi king'ora kipungue. Hutoka akiwa bado anakumbuka. Kilichobadilika ni kwamba sasa ni jambo la zamani.

Mfano bora uko hapa hapa Afrika Mashariki. Katika kambi ya wakimbizi ya Imvepi, kaskazini mwa Uganda, wataalamu walitumia njia ya kusimulia maisha yote kwa mpangilio na wakimbizi kutoka Sudan. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2004 yalionyesha kwamba, mwaka mmoja baada ya vikao vinne tu, asilimia 29 ndio waliokuwa bado wagonjwa, ilhali kati ya wale waliopewa ushauri wa kawaida walikuwa asilimia 79. Baadaye, katika kambi ya Nakivale, kazi hiyo ilifanywa na wakimbizi wenyewe waliopewa mafunzo ya wiki chache, na bado ikafaulu. Kwa hiyo anayesema tiba hii ni ya Wazungu wenye makochi hajasoma. Katika njia hiyo mgonjwa anaweza kutandaza kamba sakafuni, mwanzo wake ukiwa siku ya kuzaliwa, akaweka jiwe mahali pa kila msiba na ua mahali pa kila furaha. Mzee yeyote wa Masii anaweza kufanya hivyo.

Tahadhari moja. Kumlazimisha askari aeleze kila kitu siku ile ile anayotoka vitani hakumkingi na maradhi haya, na kwa baadhi kunadhuru. Siku za mwanzo ampewe usalama, chakula, usingizi na watu wake. Akitaka kusema, asikilizwe.

Dawa zipo. Sertralini na paroksetini ndizo zilizochunguzwa zaidi, na fluoksetini hutumika sana pia. Hazileti usingizi usiku wa kwanza. Huchukua wiki nne hadi sita, wiki za mwanzo tumbo likasokota kidogo, na hapo ndipo wengi huzitupa. Zikifaa, huendelea kwa takriban mwaka mmoja na huachwa polepole kwa maelekezo ya daktari.

Kwa mama wa nyumba

Akiweweseka usiku, usimshike wala kumwinamia. Simama mbali, karibu na mlango, washa taa na umwite kwa jina lake, umwambie yuko nyumbani. Kulala vyumba viwili kwa muda si aibu. Mtoto aelezwe kwa lugha nyepesi kwamba baba ana ugonjwa unaomfanya ashtuke, na kwamba yeye hakukosea. Mabomba ya Krismasi na mapipa yanayogongwa yana nafasi yake; akitaka kuondoka, mwache aondoke.

Hata hivyo, ugonjwa haumpi mtu ruhusa ya kupiga. Anayempiga mkewe akiwa macho aelezwe wazi kwamba atatibiwa na pia atawajibika, na mama na watoto wakiwa hatarini waondoke kwanza, mashauri yafuate.

Dalili za kujiua zisichukuliwe kwa mzaha: kusema kwamba afadhali angekufa na wenzake, kugawa vitu vyake, kuaga watu bila safari, utulivu wa ghafla baada ya majonzi marefu. Mwulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpi mtu wazo hilo. Dawa za kunyunyizia mimea na vidonge vifungiwe, kamba na silaha ziondolewe, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Zamani familia ziliogopa polisi, kwa kuwa kujaribu kujiua kulikuwa kosa chini ya kifungu cha 226 cha sheria za jinai. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Hofu hiyo isimcheleweshe mtu.

Anayekaa Mwala aanzie hospitali ya Mwala, aombe barua ya kumpeleka kliniki ya magonjwa ya akili ya Machakos Level 5. Kwa Nairobi kuna Mathari, na kwa wanajeshi kuna hospitali yao ya Defence Forces Memorial. Chama cha wanajeshi wastaafu, DEFOCA, huweza kumkutanisha na wenzake, na nimeona afande aliyekataa kumwambia daktari neno akimweleza mwenzake wa kikosi kila kitu chini ya mwembe.

Siku ya kwenda kliniki, mke au ndugu aende naye. Chukueni karatasi za kustaafu, zinazoonyesha alihudumu wapi na mwaka gani, vidonge vyote anavyomeza, hata vya mganga, na kijitabu ambamo mmeandika kwa wiki mbili alilala saa ngapi, aliamka mara ngapi, alikunywa nini. Akiulizwa usingizi wake ukoje na kujibu kwamba ni sawa tu, mpeni daktari kijitabu.